Dada Staa, Gongo Tumeliona, Mpira Uko Wapi?



Juzi kuna dada mmoja wa Bongo Movie, jina nalihifadhi maana sitaki kesi na mtu, katupia picha insta. Kofia kageuza nyuma, kucha ndefuuu, gongo la softiboli begani. (Gongo la kupigia mpira, siyo lile la kwenye chupa, tusielewane vibaya.) Chini kaandika eti mazoezi hayalali. Laiki zikamwagika kama mvua ya masika. Mimi nikaikuza ile picha nitafute mpira. Hakuna. Glavu? Hakuna.

Kabla hamjasema nina wivu, nisikilizeni kwanza.

Mwaka jana binamu yangu alinipeleka Dar kuangalia wasichana wakifanya mazoezi ya softiboli. Nilijua nitaona mipira inapaa hewani kama kwenye sinema za Wamarekani. Wapi! Saa nzima ya kwanza hakuna aliyegusa gongo. Walikimbia, wakanyoosha mabega, wakasimama wawili wawili wakaanza kurushiana mpira. Hatua tano, wakirudi nyuma kidogo kidogo mpaka ikawa mbali kweli. Ukiudondosha, unaokota, mnaendelea. Hakuna makofi, hakuna picha.

Halafu kocha akaanza kuwavingirishia mipira chini. Goti unalikunja, glavu inagusa vumbi, mkono wa pili unafunika juu mpira usiruke. Tena na tena. Mpira ukienda juu katikati ya watu wawili, mmoja lazima apige kelele "Wangu!" wasije wakagongana vichwa. Gongo lilikuja mwisho kabisa, na hata hapo mpira uliwekwa kwenye kinara, umetulia, mtu ajifunze kwanza kuzungusha kiuno kabla ya mikono.

Nikajikuta nacheka peke yangu. Hii kitu mbona naijua? Hii si rede!

Wadada niliokua nao Vihingo, Kisarawe huku, wananielewa. Mpira wa soksi na matambara, wawili wanarusha huku na huku, mmoja katikati anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa. Wale wa pembeni wanarusha na kudaka mchana kutwa. Wa kati macho hayatoki kwenye mpira. Hakuna aliyetulipa wala kutufundisha, na mikono ilikuwa na shabaha balaa!

Sasa nisiwadanganye, rede siyo softiboli. Kwenye rede ukiwa katikati unasifiwa kwa kuukimbia mpira. Kwenye softiboli unatakiwa uufuate, ukae mbele yake hata kama unakuja kwa hasira. Pale Dar kuna binti kila mpira ukija kifua kinapinda pembeni, nikajua huyu wa rede mwenzangu. Kocha hakumgombeza. Alimrushia mipira laini mpaka uoga ukaisha. Hayo ndiyo mazoezi, kuutoa mwili kwenye mazoea yake pole pole.

Na uoga wenyewe una sababu. Mrushaji wa wanawake anasimama kama mita 13 tu kutoka kwa mpigaji. Anarusha kwa chini, mkono unazunguka duara zima. Mpira ukienda kilomita 100 kwa saa, una chini ya nusu sekunde kuamua. Macho ya hivyo hayanunuliwi dukani. Yanajengwa utotoni.

Hapo ndipo panaponiuma. Mimi nilikuwa na miaka 13 shangazi aliponikuta uwanjani. Akasema, "We mwali sasa, rede ya nini?" Basi, ikaisha siku hiyo hiyo. Wavulana tuliokuwa tunagombania nao uwanja mpaka leo wanacheza chandimu jioni, wengine wana watoto wawili. Sisi tunaambiwa tumekua. Halafu tunaulizana kwa nini wasichana wa Bongo hawana vipaji! Vipaji vipo. Tunavikatisha pale pale vinapoanza kukomaa.

Na mlango hata haujafungwa. Pale Azania Sekondari, Dar, uwanja wa besiboli upo tangu 2018, Wajapani walisaidia. Softiboli ya wanawake, ambayo Paris 2024 haikuwepo, inarudi Olimpiki Los Angeles 2028. Sisemi binti wa Vihingo atakuwa Los Angeles, msinikariri. Nasema akiwa na miaka 13 asiambiwe aache.

Kwa hiyo dada staa, sina ugomvi na wewe. Umependeza. Ila hilo gongo likikuchosha bega, lilete shule yoyote huku kwetu pamoja na mipira kumi, hata ya tenisi. Usipige picha siku hiyo. Utakuta wasichana wanaojua kurusha na kudaka kabla hata kocha hajafika. Na shangazi zangu, nawapenda, ila mwali naye ana mikono.

Haya wadau, wewe uliacha rede ukiwa na miaka mingapi, na nani alikwambia uache? Dondosha komenti hapo chini. Matusi sitaki.