Mradi wa Familia si Wewe Chini ya Gari na Sisi Jikoni

Wasee, kuna uongo umezoeleka huku mtandaoni na leo nauvunja. Unaona video: gari la zamani linavutwa kutoka kwa nyasi, kutu kila mahali, halafu dakika nane baadaye linang'aa, na maandishi yanasema ati "familia yetu imefufua gari la babu." Familia gani? Hesabu mikono kwa hiyo video. Utapata ya mzae mmoja, labda na kijana wake. Mathe anaonekana sekunde tatu akileta chai. Dada ndiye ameshika simu anarekodi. Hiyo ni hobi ya mtu mmoja, na wengine wote wameajiriwa bila mshahara.

Hata kwetu ilianza hivyo. Guka aliacha Peugeot 504, stesheni wagoni ya viti vya safu tatu, na imekaa nyuma ya nyumba ya shosho tangu niko shule ya msingi. Anko wawili wakaamua ifufuliwe. Mkutano wa kwanza, sisi wasichana tukatumwa jikoni. Wa pili, vivyo hivyo. Kufika wa tatu, anko mmoja tayari ameulizia bei ya vyuma chakavu kwa kilo, kwa sababu "kazi imekuwa ngumu." Ngumu aje na kuna watu saba wenye mikono wamekaa tu kwa nyumba?

Na hebu tuheshimu hiyo gari kidogo. 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikachaguliwa gari bora la mwaka Ulaya. Ilishinda Safari Rally mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, ikarudia 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Ziliunganishwa hapa hapa Kenya, na muulize mtu yeyote wa rika la wazazi wako Pijo za safari ndefu zilikuwa zinajazwa aje. Usidhani utaagiza nyingine kutoka Japani, maana sheria yetu inakataa magari yaliyotumika yakizidi miaka 8. Zilizobaki ni hizi zinazolaliwa na kuku.

Sasa, gari kama hii ndiyo rahisi zaidi kufanywa na watu wengi. Gari la juzi likiwasha taa ya injini, fundi anachomeka mashine, anasoma kompyuta, wewe unabaki umesimama hapo na pesa yako mkononi. Pijo yetu haina kompyuta. Ina kabureta, distributa na plagi nne. Pengo la pointi za distributa ni karibu milimita 0.4, unalipima na kibati chembamba. Binamu yangu wa miaka 13 alijifunza kwa mchana mmoja. Sasa anaweza kukueleza kwamba pointi zikifunguka ndipo koili inatupa umeme mkali kwa plagi. Mimi nilikaa kampasi mpaka nikaacha na hakuna lekcha aliyewahi kuniwekea kitu kama hicho mkononi.

Halafu kuna shosho. Hakuna mtu alikuwa amemuuliza chochote, na ndiye alikaa kiti cha mbele miaka hiyo yote. Ana mkebe wa biskuti umejaa risiti za spea. Ndiye alituambia chok ilikuwa inavutwa kiasi gani asubuhi ya baridi, na kwamba kabureta ilikuwa inaziba kila mara kwa sababu ya uchafu wa tangi. Fundi alikuwa ameshatuambia tununue kabureta nyingine. Tukashusha tangi kwanza. Kutu iliyomwagika hapo ingejaza sufuria. Anko walikuwa wamezunguka hiyo gari wiki tatu wakitoa nadharia, na jibu lilikuwa jikoni likichambua mboga!

Kuna wenye wataniambia wanawake na spana wapi na wapi. Sawa. Mwaka 1983 Michèle Mouton alimaliza Safari Rally nambari tatu ndani ya Audi Quattro. Orie Rogo Manduli, aliyekuwa Miss Kenya, aliingia hiyo rali miaka ya 1970. Wewe hata kubadilisha tairi unapigia mtu simu.

Wengine watasema ni kuchoma pesa. Ukilipeleka gari lote gereji na useme "fanya kila kitu," ndiyo, utachoma. Sisi tuna daftari. Kila mtu anatoa alichonacho na kinaandikwa, hata kama ni mia mbili. Kuchomelea sakafu tulilipa fundi, maana hapo si pa kujifunzia. Breki tunafungua wenyewe, kisha anakuja kukagua kabla gari lisogee. Na tafadhali, vumbi la breki za zamani linaweza kuwa na asbestosi, kwa hivyo lilowesheni na mvae barakoa, msilipulize. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee, weka stendi. Hizo video za dakika nane huwa zinaruka hapa.

Daftari pia lina safu ya masaa. Kupiga msasa milango ni mchango. Kupikia watu wanane Jumamosi nzima ni mchango, na anko wanapika zamu yao. Naskia mnacheka, lakini ngoja rangi ikauke. Hapo ndipo mtu husimama aseme "hii gari ni yangu, mimi ndiye nilinunua injini." Logbook yetu bado iko kwa jina la guka, na marehemu hawezi kusaini uhamisho. Familia inafaa kupitia korti ipate hati za kusimamia mali yake, na hapo majina ya wasichana yanafaa kuwa mezani kama ya wengine. Shosho amesema hatanunua hata kopo la rangi kabla hiyo karatasi ianze kushughulikiwa. Rangi ndiyo ametoa pesa yake yote, kwa hivyo hapo hakuna mjadala.

Anko, najua unasoma hii. Jumamosi tunafungua breki za nyuma saa tatu asubuhi. Kuja na ovaroli. Zamu ya chapati pia ni yako.