Nyoka mwenye kayamba na nyoka wetu

Juma lililopita mjukuu wangu alirudi kutoka shuleni na kitabu cha picha. Ndani yake mlikuwa na nyoka mnene, mwenye madoa, na mkiani ana kitu kama kayamba. Akaniuliza: "Babu, nyoka huyu anakwenda ngomani?" Tulicheka sana. Lakini baadaye niliona kwamba swali la mtoto lina faida kwa nyumba zetu zote, ndiyo maana nalileta hapa leo.

Nyoka huyo yuko katika bara la Amerika tu, toka kusini ya Kanada, Marekani na Meksiko mpaka Ajentina. Mkia wake una pingili ngumu zilizoshikana kwa kulegea, nazo zimefanyika kwa kitu kile kile cha kucha zetu. Kila ajivuapo gamba, pingili moja huongezeka. Watu husema: hesabu pingili upate kujua umri wake. Si kweli, maana aweza kujivua zaidi ya mara moja kwa mwaka, na pingili za mwisho hukatika.

Akiogopa huutikisa mkia huo zaidi ya mara 50 kwa sekunde moja, kana kwamba asema: "Nipo hapa, usinikanyage!" Awindapo panya hunyamaza kimya. Sumu yake ni chombo cha kupatia chakula, hapendi kuimaliza kwa mtu asiyeweza kummeza.

"Na nyoka wetu je, babu?" Wetu, mwanangu, hawana kayamba. Swila huinua kichwa na kutanua shingo. Na wako swila watemao sumu, wakilenga macho. Ikiingia machoni, osha upesi kwa maji safi mengi, kisha nenda hospitali. Koboko hukimbia akipata njia, lakini akizibiwa njia ni hatari kubwa: sumu yake hulegeza mwili mpaka pumzi ikakatika.

Wa kuogopwa hasa njiani ni kifutu, ambaye wengine humwita moma au bafe. Yeye hakimbii. Hulala kama jani kavu, akitegemea rangi yake imfiche, na jioni hupenda kujinyosha juu ya njia. Pengine huvuta pumzi kwa kishindo, pengine hanyanyui hata kichwa mpaka umkanyage. Naye hazai mayai, huzaa watoto hai, mara nyingi 20 mpaka 40 kwa mara moja, na siku ile ile wana sumu. Wazee hawakukosea waliposema: mwana wa nyoka ni nyoka. Mtoto asichezee nyoka kwa sababu ni mdogo.

Sasa sikilizeni jambo la kusikitisha. Huko Marekani watu 7,000 mpaka 8,000 huumwa na nyoka wenye sumu kila mwaka, na wafao ni kama 5 tu. Lakini Shirika la Afya Duniani lasema kwamba duniani pote wafao kwa nyoka ni kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka, na wengi wao ni watu wa mashambani katika Afrika na Asia. Je, sumu ya huko ni maji? La! Wenzetu hufika hospitali mapema, na dawa huikuta.

Sisi je? Huyu achanja kwa wembe, huyu anyonya kwa mdomo, huyu afunga kamba mpaka mguu unakufa, huyu amimina mafuta ya taa. Mwingine ana jiwe jeusi. Najua nitawaudhi wengine, maana jiwe hili limetunzwa kwa heshima nyumbani mwetu, hata katika misheni nyingi. Lakini kwa kawaida ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa. Hushika penye unyevu wa damu, basi. Sumu iliyokwisha kuingia mwilini hailifuati. Mbona wengine walipona? Kwa sababu nyoka wengi hawana sumu, na hata mwenye sumu mara nyingine huuma bila kuitoa. Mtu huyo angalipona hata bila jiwe. Lakini yule mwenye sumu mwilini, saa alizokaa na jiwe ndizo zilizomwua.

Dawa ya kweli ipo. Daktari Mfaransa, Albert Calmette, alitengeneza ya kwanza karibu na mwaka 1895. Ndiye yule ambaye baadaye, pamoja na Guérin, alitengeneza chanjo ya kifua kikuu wanayochomwa watoto wetu. Farasi hutiwa sumu kidogo kidogo, mpaka damu yake iweze kuishinda. Ndipo dawa hutolewa katika damu hiyo.

Basi mtu akiumwa, mwondoeni karibu na nyoka, wala msimfukuze nyoka. Mtulizeni. Mvueni pete, bangili na viatu kabla hajavimba. Mguu au mkono ulioumwa ufungeni kwa kijiti na kitambaa, bila kukaza, usichezecheze, kama mfanyavyo kwa mfupa uliovunjika. Asitembee, mchukueni kwa machela, baiskeli au gari. Na kwa kuwa si kila zahanati ina dawa hii, ulizeni leo, siku ya amani, ni hospitali gani iliyo nayo, na ni nani kijijini atakayetoa chombo usiku.

Zaidi ya hayo, fyekeni nyasi karibu na nyumba, ondoeni marundo ya kuni na matofali, funikeni nafaka, maana panya humwita nyoka. Laleni kitandani, chandarua kimechomekwa vema. Usiku msitoke bila taa, hata kama ni kwenda chooni tu.

Tangu siku ile mjukuu wangu hatoki jioni bila taa na fimbo, akigonga njia kwa kelele. Nilipomwuliza sababu, alijibu: "Babu, kwa kuwa nyoka wetu hawana kayamba, nitapiga mimi." Basi, wapigieni watoto wenu kayamba hiyo.