Mwanasaikolojia si Mpinzani wa Padre



Tafakari ya wiki hii tumeiahirisha mara mbili, kwa kuwa inatudai tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita alitujia nyumba ya mapadre mama kijana aliyekuwa amejifungua mtoto wake wa pili. (Hakuja kuungama, ya kitubio hayasimuliwi popote, wala hapa. Naye mwenyewe ameridhia tusimulie, na mambo mawili matatu tumeyabadilisha ili asitambulike.) Alisema hapati usingizi hata mtoto akilala. Alisema chakula kimekuwa kama majivu kinywani. Alisema anamtazama mwanawe kama amtazamavyo mtoto wa jirani, na kwamba bila shaka Mungu amemwacha, maana ni mama gani asiyempenda mtoto aliyemzaa? Tulimsikiliza dakika kumi, tukamwekea mikono, tukampa novena ya Mtakatifu Rita na kumwandikia nia ya Misa. Aliporudi tukamwongezea rozari. Alipokuja mara ya tatu tulimwambia azidishe imani.

Mara ya nne hakuja. Kwao mama mkwe alikwisha kutoa shauri: ni majini ya upande wa mama yake, apungwe. Akapelekwa kwa mganga ng'ambo ya Mto Pangani, fedha iliyowekwa kwa ajili ya ada ya shule ikaishia huko. Baadaye jirani mmoja akampeleka kwenye mkesha wa maombi, na humo akaambiwa kuwa aliye na Yesu hawezi kuwa na huzuni ya namna ile. Kwa hiyo akaongezewa na hatia.

Aliyemnusuru alikuwa muuguzi mstaafu wa jumuiya yake, mama aliyewahi kufanya kazi katika wodi ya magonjwa ya akili. Alikwenda kumwona mtoto kama wafanyavyo majirani, akaketi naye jikoni, akamwuliza swali ambalo sisi sote hatukuthubutu kumwuliza: "Mwanangu, kuna wakati unatamani usingekuwepo?" Akajibu kwamba upo, na kwamba mahali amekwisha kupachagua.

Ugonjwa ule una jina. Ni sonona baada ya kujifungua, nao unatibika. Daktari alimwanzishia dawa. Kisha akakaa miezi minne Dar es Salaam kwa dada yake, akihudhuria kila wiki kwa mwanasaikolojia tiba. Leo mtoto yule anasoma chekechea, na mama yake ndiye humpeleka asubuhi.

Tangu hapo tumejisomea na kuwauliza wajuao, na tumeona kuwa wengi wetu, sisi mapadre tukiwamo, hatujui hata huyo mwanasaikolojia tiba ni nani. Wengine humdhania kuwa ni daktari wa vichaa. Wengine hudhani ni mtu wa kutoa nasaha, kama somo katika unyago, ila huyu ana cheti. Tuseme basi kwa uwazi. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili amesomea udaktari kwanza, naye huandika dawa. Mshauri nasaha husaidia mtu kuvuka jambo mahususi, kama majibu ya kipimo cha Virusi vya UKIMWI au ugomvi wa ndoa. Mwanasaikolojia tiba amesomea jinsi akili, hisia na mwenendo wa binadamu vinavyofanya kazi na vinavyoharibika, kisha akafundishwa kuvipima na kuvitibu. Chombo chake kikuu ni mazungumzo, lakini mazungumzo yenye utaratibu. Kwa kawaida hatoi dawa. Akiona zinahitajika, humpeleka mgonjwa kwa daktari. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili hutoa shahada ya uzamili katika fani hii, kwa hiyo si jambo la Wazungu tu kama tulivyozoea kusema kila tusipotaka kujisumbua.

Mama yule alitueleza alivyopokewa. Siku ya kwanza hakushauriwa chochote. Aliulizwa juu ya usingizi, hamu ya chakula, uzazi uliotangulia, misiba ya nyumbani, na nani aliyekuwa akimsaidia kufua nepi. Alipewa karatasi yenye maswali, ajibu mara ngapi katika wiki mbili zilizopita alikuwa hivi au vile. Aliambiwa kuwa atakayoyasema ni siri, isipokuwa maisha yake au ya mtoto yakiwa hatarini. Katika wiki zilizofuata alipewa kazi za kufanya nyumbani, ndogo mno hata alizidharau: kutoka nje kila asubuhi, kwenda sokoni mara moja na mtoto mgongoni, kuandika kila wazo la "mimi ni mama mbaya" linapomjia na kuweka kando yake ushahidi wa kulithibitisha na wa kulipinga. Sonona, alielezwa, humfanya mtu ajifungie. Naye akijifungia, sonona huzidi kunenepa. Inabidi mduara huo ukatwe mahali fulani, na ni rahisi kuukata kwenye miguu kuliko kwenye hisia. Tulipomsikia, tulikumbuka jinsi tulivyomwagiza azidishe imani, yaani tulimtaka aanzie pale hasa palipovunjika.

Fani hii haina umri mkubwa. Mwaka 1896 Lightner Witmer alifungua kliniki ya kwanza ya saikolojia katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Miongoni mwa waliomjia mwanzoni alikuwa mvulana mwenye akili zake timamu ambaye tahajia ilikuwa imemshinda kabisa. Witmer hakumwita mvivu. Alimpima, na akaona kwamba macho yake yalikuwa na kasoro. Mwaka huohuo wa 1896, katika milima yetu ya Usambara, wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifungua Lutindi nyumba ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 nyumba ile ikageuzwa hospitali ya wagonjwa wa akili, miongo miwili hivi kabla ya Mirembe ya Dodoma, iliyofunguliwa 1927. Lutindi ipo hadi leo, wilayani Korogwe, chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT, na wagonjwa wake hutibiwa pia kwa kazi za mikono na za shamba. Tunaikumbuka hapa kwa shukrani, na kwa wivu kidogo. Watu wa mkoa wa Tanga wamekuwa na tiba ya akili kwa zaidi ya miaka 100, na bado tunamfunga kamba mgonjwa nyuma ya nyumba.

Lakini Padre, mtatuuliza, mnataka kutuambia kwamba pepo hawapo? La hasha. Kanisa halijafundisha hivyo kamwe. Linachofundisha ni tahadhari. Katekisimu, namba 1673, inatenganisha waziwazi kupagawa na maradhi, hasa maradhi ya akili ambayo kuyatibu ni kazi ya sayansi ya tiba, na inataka jambo hilo lihakikishwe kwanza. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1172, hairuhusu mtu yeyote kumpunga aliyepagawa bila ruhusa maalumu ya Askofu, na ruhusa hiyo hupewa padre mwenye uchaji, elimu, busara na maisha safi. Sasa tujiulize ni mikesha mingapi tunayoijua katika pwani hii, kutoka Mkinga hadi Pangani, ambamo kijana anayeanguka kwa kifafa hushikwa na watu sita na kupigiwa kelele hadi alfajiri. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Tena tumesikia, kwa masikio yetu, mhubiri akimwamuru mgonjwa atupe dawa zake ili aonyeshe imani. Tunalisema hili kwa ukali kwa sababu tumezika.

Wala Maandiko hayako upande wa mhubiri yule. Sura ya 38 ya Yoshua bin Sira inatuagiza kumheshimu tabibu, kwani naye ameumbwa na Bwana, na dawa zimetoka ardhini kwa mapenzi ya Bwana. Mgonjwa aombe, kisha ampe tabibu nafasi yake. Mtazameni pia nabii Eliya katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Ametoka kushinda vita kubwa ya imani, na sasa amelala jangwani chini ya mti, akimwomba Mungu amwondolee uhai. Malaika hamkemei wala hamwulizi imani yake iko wapi. Anamgusa, anampa mkate na maji, anamwacha alale tena, kisha anamrudia na chakula mara ya pili. Mazungumzo juu ya utume yanakuja baadaye sana, huko Horebu. Sisi kwa mama yule tulianza na Horebu.

Liko na jambo lingine, zito zaidi. Sheria ya Kanisa ya 1917 ilimnyima mazishi ya kikanisa aliyejiua kwa kukusudia. Sheria ya 1983, katika kanuni ya 1184, haimtaji tena. Katekisimu, namba 2282 na 2283, hukiri kwamba maradhi makubwa ya nafsi, uchungu au hofu kuu vinaweza kupunguza wajibu wa aliyejiua, na hutukataza kukata tamaa juu ya wokovu wake. Kanisa halijalegeza amri ya tano; limemjua mgonjwa vizuri zaidi. Hata hivyo bado vimo vigango ambamo familia ya namna hiyo hunong'onwa miaka mingi, na jumuiya husita kwenda kusali nyumbani mwao. Tuliopewa dhamana ya kufundisha hatukufundisha. Na kwa woga huohuo tunaogopa kuuliza, tukidhani kwamba kulitaja jambo ni kumpandikizia mtu wazo. Wataalamu wamelichunguza hilo, na haikuonekana kuwa kumwuliza mtu kama anafikiri kujiua humtia wazo hilo. Mara nyingi humpa nafuu ya kusema.

Tusije tukaeleweka vibaya. Mwanasaikolojia hana mamlaka ya kuondolea dhambi, wala si kila hatia ni ugonjwa. Aliyemdhulumu yatima shamba na sasa hapati usingizi, huenda dhamiri yake inafanya kazi barabara. Huyo aje kuungama na arudishe shamba. Aidha, wapo katika fani hii walioidharau dini: Sigmund Freud aliandika kitabu kizima mwaka 1927 kuiita ni njozi. Mgonjwa ana haki ya kumwuliza mtaalamu wake kama ataiheshimu imani yake, na akiona haiheshimiwi, atafute mwingine. Hapo ndipo ugumu wenyewe ulipo, maana huyo mwingine yuko wapi? Wataalamu hawa ni wachache mno, na wengi wao wako Dar es Salaam, mwendo wa kilomita 350 hivi kutoka Tanga mjini. Mama yule alikuwa na dada wa kumpokea. Mke wa mvuvi wa Mkwaja asiye na dada Dar es Salaam afanyeje?

Aanzie kwa walio karibu. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo ina huduma ya afya ya akili. Hapo pia vijana wetu waliotekwa na heroini hupata methadoni pamoja na ushauri, huduma iliyoanza nchini Muhimbili mwaka 2011. Na pengine yapo tunayoweza kuyafanya sisi wenyewe. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai nchini Uganda, watafiti waliwafundisha wenyeji wa kawaida, wasio matabibu, kwa muda wa wiki mbili tu, namna ya kuongoza vikundi vya watu wenye sonona. Wanaume walikutana peke yao na wanawake peke yao, mara moja kwa wiki, wiki 16. Walizungumza juu ya misiba, ugomvi, upweke na mabadiliko ya maisha, wakasaidiana kutafuta njia. Mwishoni, kati ya waliokuwa kwenye vikundi waliobaki na sonona walikuwa asilimia 6.5, katika vijiji vilivyosubiri, asilimia 54.7. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003.

Tulipoyasoma hayo tulifikiria Jumuiya Ndogo Ndogo zetu, ambazo hukutana kila wiki, kwa majina, nyumba kwa nyumba. Hatusemi kwamba jumuiya ni kliniki. Wale wa Uganda walifundishwa na kusimamiwa na wataalamu, nasi hatujafikia hapo. Jumuiya isiyofundishwa inaweza kugeuka baraza la umbeya, na siri ya mgonjwa ikafika Ngamiani kabla yake. Lakini nani mwingine huku anakutana kila wiki?

Tumezungumza na Halmashauri Walei. Muuguzi yule amekubali kukutana na viongozi wa jumuiya zote, WAWATA na vijana, Jumamosi ijayo saa tisa alasiri ukumbini. Atatufundisha dalili za kuangalia, namna ya kuuliza lile swali, na la kufanya jibu likiwa ndiyo: nani abaki na mgonjwa, nani atafute usafiri, nauli itoke mfuko upi. Viongozi waje na daftari. Paroko naye atakuja na lake.