Vitamini Si Tiba ya Baridi Yabisi

Imani kwamba kila maradhi yana vitamini yake imeota mizizi nchini, na yafaa walimu waichunguze, kwa kuwa kwa kiasi fulani imezaliwa darasani. Mwanafunzi hufunzwa kwamba ukosefu wa vitamini C huleta kiseyeye, na ule wa vitamini D huleta matege. Akibahatika kupata mwalimu mwenye bidii, husimuliwa pia jinsi tabibu James Lind alivyowatibu mabaharia kwa machungwa na malimau mwaka 1747. Mafunzo hayo ni ya kweli. Hatari huingia pale yanapobandikwa juu ya ugonjwa usiotokana na upungufu wowote.

Mfano ni baridi yabisi, hasa ile inayovamia viungo vidogo vya mikono yote miwili. Huko Boito, katika Kaunti ya Bomet, vidole ndivyo riziki. Mchumaji chai hukata majani mawili na chipukizi, akarudia hivyo kutwa nzima, na hulipwa kwa kilo. Mama anayeamka vidole vimevimba na kukakamaa kwa saa nzima au zaidi ameshapoteza sehemu ya ujira wake kabla hajafika shambani. Na ni akina mama wanaoandamwa zaidi: ugonjwa huu huwapata wanawake mara mbili hadi tatu kuliko wanaume.

Jina lenyewe linapotosha. Watu wakisikia "baridi" huulaumu ukungu wa alfajiri. Ubaridi waweza kuzidisha maumivu, lakini hauzai ugonjwa. Kinachotokea ni kwamba kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hugeuka na kuushambulia utando wa ndani wa viungo. Chupa ya vitamini mchanganyiko, hata tembe zake ziwe na rangi za kupendeza namna gani, haiwezi kuizuia kinga hiyo kuila mifupa ya vidole. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye thamani kuu katika matibabu, na kidole kilichokwisha kupindika hakinyooshwi na tembe.

Hatusemi kwamba vitamini hazina kazi. Dawa kuu ya ugonjwa huu ni methotreksati, iliyoidhinishwa kwa matumizi hayo nchini Marekani mwaka 1988. Dawa hiyo huuzuia mwili kuitumia foliki ipasavyo, na ndiyo sababu baadhi ya wagonjwa hupata vidonda mdomoni, kichefuchefu au madhara ya ini. Kwa hiyo daktari huagiza pia asidi ya foliki, ambayo ni mojawapo ya vitamini B, mara nyingi imezwe siku tofauti na ile ya methotreksati. Vitamini hapo humkinga mgonjwa na makali ya dawa, haiutibu ugonjwa. Vivyo hivyo, anayetumia prednisoloni kwa muda mrefu huweza kupewa kalsiamu na vitamini D ili mifupa isidhoofike. Lakini vitamini A ikizidi hurundikana katika ini, kiungo kile kile ambacho methotreksati hukipa taabu. Anayejinunulia tembe na amwonyeshe tabibu wake chupa yenyewe.

Hatumlaumu mama wa Boito anayenunua kilicho karibu. Mabingwa wa maradhi haya ni wachache nchini, na wengi wao wako Nairobi. Serikali za kaunti ndizo zenye wajibu wa kuhakikisha kwamba hospitali zao zina vipimo vya damu vinavyohitajika na methotreksati isiyokatika, na kwamba maafisa wa kliniki wanaitambua baridi yabisi hii mapema badala ya kumwandikia mgonjwa dawa za maumivu mwaka baada ya mwaka.

Kuna jambo jingine lisiloweza kungojea bajeti. Methotreksati kwa ugonjwa huu humezwa mara moja kwa wiki. Wapo wagonjwa katika nchi mbalimbali waliokufa kwa kuimeza kila siku kwa makosa. Maelezo ya dawa huandikwa mara nyingi kwa Kiingereza, na nyanya wengi hawakisomi. Mwanafunzi na amsomee nyanya yake maagizo hayo siku dawa inapofika nyumbani, kisha waichague pamoja siku moja ya wiki na kuitia alama kwenye kalenda.