Urembo wa Herufi Usitupoteze Njia

Msomaji mpenzi, nina kisa kidogo cha kukusimulia, kisha nina neno.

Mtaani petu Buruburu mtoto wa jirani alilazwa hospitali, na gharama zikawashinda wazazi wake. Tukakutana majirani, tukapatana tufanye harambee. Kijana mmoja mwenye kompyuta, fundi hodari wa mapambo, akajitolea kutuchorea tangazo. Akaitafuta kwenye intaneti khati itolewayo bure, katika zile zichorwazo kama kwamba zimeteremka na chombo cha kwenda mwezini: herufi za mraba, pembe zimeviringwa, mistari imekatwa katikati. Tangazo likatoka linametameta. Sote tulilisifu, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Siku tatu zikapita, na pesa hazikufika hata nusu ya tuliyoitaraji. Tulipouliza tukaambiwa nambari ya M-Pesa haisomeki. Sita ilifanana na nane, na nane ikafanana na sifuri. Mtu akitaka kutuma, simu humwonyesha jina asilolijua. Husita, akaacha, na wengine hawakurudia tena. Tukaiandika nambari upya kwa herufi za kawaida, nyeusi juu ya nyeupe, na msaada ukaanza kuingia. Mtoto alitibiwa, alhamdulillahi, lakini wazazi wake walikesha siku tatu kwa sababu ya urembo.

Simlaumu kijana. Wa kulaumiwa ni sisi tuliolisifu tangazo lile: tulilitazama, hatukulisoma.

Mimi nililelewa chuoni, Mombasa. Huko tulifunzwa kwamba be, te na nuni zikiwa katikati ya neno umbo lao ni moja. Zipambanuazo ni nukta. Mwanafunzi akiisahau nukta, mwalimu hakumwambia ameharibu urembo. Alimwambia amebadilisha neno. Tangu hapo nimejua kwamba herufi ni amana.

Wala herufi za pembe pembe si jambo geni kwetu pwani. Katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, mna maandishi ya khati ya Kufi yaliyochongwa katika jiwe, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 Miladia. Ni pambo la kibla, na aliangaliaye hustaajabu. Lakini wazee wetu walipoandika barua, hesabu za biashara na tendi, walitumia khati nyepesi ya mkono, ipate kusomeka upesi. Walijua pambo lina mahali pake.

Vijana wa Buruburu nao hawakosi ustadi. Zitazame matatu za namba 58 ziendazo mjini, ubavuni zimejaa majina na picha za kila namna. Mwaka 2004 sheria ya mstari wa manjano iliyafifiza mapambo hayo, kisha mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta akayatetea, yakarudi kwa kishindo. Mimi nayapenda. Lakini bibi asimamaye kituoni jioni, mvua inanyesha, hatafuti jina la mwanamuziki. Atafuta 58. Katika khati za mraba tano huweza kuonekana kama S, na nane kama B. Jina la gari na lipambwe litakavyo. Nambari ya njia na iachwe wazi.

Liko pia hili neno "bure". Kitu cha bure hakikosi mwenyewe. Khati iitwayo Orbitron, aliyoichora Matt McInerney, hutolewa kwa leseni huria: waruhusiwa kuitumia hata katika kazi ya malipo, kuinakili na kuirekebisha, bali huruhusiwi kuiuza peke yake. Khati nyingine ni bure kwa matumizi ya binafsi tu. Ukiitia katika bango la biashara umekula haki ya mtu. Basi kijana na asome masharti kabla ya kuchukua. Nasi tuwalipe vijana wetu, kwani khati kuwa bure hakulifanyi jasho la mchoraji kuwa bure.

Shauri langu ni hili. Khati ya angani iwekwe kwenye kichwa cha tangazo, maneno mawili matatu, tena makubwa. Tarehe, mahali, bei na nambari ya simu viandikwe kwa khati ya kawaida. Mchoraji aijaribu kwa maneno yetu, kama ng'ambo na ng'ombe, aone kama ile alama ya ng' imo. Kisha ampe mzee alisome tangazo kwa mbali. Mzee akikwama, kazi haijesha.

Namaliza kwa ubeti mmoja, niwaachie vijana:

Pamba herufi upambe, kijana sikukatazi,
Ila neno usifumbe, na nambari ziwe wazi,
Msomaji asiombe, kusomewa na mjuzi,
Khati na iwe mjumbe, kufikisha ndiyo kazi.