AKIBA YA ARSENAL

Wapo wasemao kuwa Arsenal ya London ilikosa ubingwa wa Uingereza mwaka 2025 kwa bahati mbaya ya majeruhi. Sisi hatukubali. Agosti 2024 wakuu wa klabu walimwuza Eddie Nketiah kwa Crystal Palace, wala hawakununua mshambuliaji wa kati mahali pake. Januari Gabriel Jesus akaumia goti. Usajili ukafungwa Februari 3 bila ya kuja mtu. Siku chache baadaye Kai Havertz naye akachanika msuli wa paja.

Ikabidi Mikel Merino, mchezaji wa kiungo, asukumwe mbele. Twamsifu: alitoka benchi akaifunga Leicester mabao mawili. Lakini juma lililofuata West Ham ilishinda 1-0 katika uwanja wa Arsenal yenyewe. Liverpool ikamaliza ligi na pointi 84, Arsenal 74.

Kiangazi cha 2025 ndipo alipoletwa Viktor Gyökeres, aliyefunga mabao 39 katika ligi ya Ureno, pamoja na Zubimendi, Eze na wengineo. Vyema. Hata hivyo washabiki waliolipa kiingilio majira yote ya baridi wana haki ya kuuliza kwa nini fedha hizo hazikutoka mwaka mmoja kabla.