Kabla ya Kuandika "Asili ya Zanzibar", Tembea Mji Mkongwe Siku Moja

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, leo tuambiane ukweli. Fungua kurasa kumi zinazouza vitu vya Zanzibar, utakuta maneno yale yale: "Asili ya Zanzibar, bei inboksi." Mteja akiuliza kimetengenezwa na nani, kimya. Kwa maoni yangu hapo ndipo pesa inapopotea, sio kwenye matangazo.

Mimi kila baada ya miezi michache napanda daladala kutoka Mbweni mpaka Darajani, natembea Mji Mkongwe siku nzima kama mgeni. Sinunui mzigo. Naangalia na kuuliza.

Faida ya kwanza, unajua unachouza. Maduka yamejaa picha za Tingatinga, na wengi wanaziposti kama sanaa ya Unguja. Sanaa hii ilianza Dar es Salaam mwaka 1968, kwa Edward Saidi Tingatinga. Kuiuza hakuna ubaya, ubaya ni kuipachika asili ya uongo. Na kanga je? Zinachapwa viwandani, nyengine India. Mwambie mteja hivyo, kisha mfasirie jina lililoandikwa pale chini ya mji. Hiyo ndiyo thamani unayoongeza wewe.

Pili, unaweza kuitetea bei. Mkoba wa ukili unaanza na majani ya mkindu: yakatwe, yaanikwe, yachanwe, yachemshwe na rangi, yasukwe, ndio mkoba ushonwe. Kofia ya viua inashonwa kwa mkono, tundu moja moja, wiki hata miezi. Ukiyajua haya, mteja akisema "punguza" una la kumjibu. Usipoyajua utapunguza, na anayeumia mwisho ni yule mama msusi.

Tatu, unajifunza adabu. Nenda Mkunazini, kanisa limejengwa pale palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa 1873. Huku kwetu Mbweni yapo magofu ya skuli ya St Mary, walikosoma wasichana waliokombolewa utumwani. Jamani, mambo haya si pambo la kuuzia fulana. Ukiyataja, yataje kwa heshima.

Jioni malizia Forodhani. Muangalie muuza urojo: bajia, kachori, viazi, mishkaki, vyote vinaingia bakulini mbele ya macho yako, na pilipili anakuuliza kwanza. Hakuna siri. Sisi tunaficha hata bei! Andika bei, onesha kitu kinavyotengenezwa.

Najua kuna atakayesema, "Mteja hataki historia, anataka bei." Sawa, wapo. Lakini mteja wa bei tu atakuhama siku jirani akishusha shilingi mia tano. Aliyekujia kwa sababu unaijua kazi, huyo atarudi na atamleta mwenzake.

Kwa hiyo wiki hii chagua bidhaa moja tu. Mtafute fundi wake, muulize mambo matatu: kimetokana na nini, kimechukua siku ngapi, nani alimfundisha. Omba ruhusa kabla ya kumpiga picha, na ukimtumia kwenye tangazo mpe chochote. Yaandike majibu yake chini ya picha, na bei juu.

Na kama kitu kimetoka kiwandani, sema kimetoka kiwandani. Biashara ni uaminifu.